Punda Alikunywa Maji

Fungueni pamoja nasi Injili ya Luka, sura ya 13, kuanzia mstari wa 10.

Yesu alikuwa akifundisha katika sinagogi siku ya sabato. Palikuwa na mama ambaye mgongo wake ulikuwa umeinama kwa miaka 18. Bwana akamwita, akamponya. Mkuu wa sinagogi akakasirika. Lakini angalieni: hakumkemea Yesu, wala hakumtazama yule mama. Aliwageukia watu, akawaambia siku za kazi ni sita, waje kuponywa siku hizo.

Neno hilo la siku sita twalijua sana, maana tumelitamka kwa vinywa vyetu wenyewe.

Ilikuwa mwaka 1984, wakati wa ukame ule ambao wengi Ukambani waliuita Nikw'a Ngwete, yaani nafa na fedha nimeshika, kwa sababu hata mwenye fedha hakupata chakula cha kununua. Kitui kulikauka, na Makueni vilevile, ambayo siku zile ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos. Ninyi mnaokaa kando ya mito yetu ya mchanga, kama Tiva au Kaiti, mwajua kisima cha mchangani kilivyo. Unachimba mpaka kichwa chako hakionekani, kisha unangoja maji yajikusanye polepole. Unateka kwa kata, unangoja tena. Akina mama walipanga madebe yao usiku kucha, na zamu ikifika haiulizi leo ni siku gani.

Mjane mmoja wa ushirika wetu alifikiwa na zamu alfajiri ya Jumapili. Akateka. Sisi tulipokuwa tukiimba wimbo wa kwanza, yeye alikuwa angali shimoni. Wazee wa kanisa tukakutana, tukamwita, tukamwambia, "Mwaitu, Mungu amekupa siku sita za kuteka maji."

Akajibu, "Wazee wangu, kisima hakikunipa hata moja."

Tukaona ni kiburi. Tukamtenga na Meza ya Bwana kwa miezi mitatu.

Juma lililofuata, katika kikao chetu, somo likawa sura hii hii. Yesu anawauliza: ni nani kwao asiyemfungua ng'ombe wake au punda wake siku ya sabato, akampeleka kunywa? Hapo mzee mmoja kati yetu akaifunika Biblia yake. Punda wake alikuwa amenyweshwa Jumapili ile ile. Mtoto alimpeleka mtoni, akakuta foleni ndefu, na aliyemwonea huruma akamgawia maji ni yule mjane. Punda wa mzee alikunywa, na aliyemtekea akatengwa.

Hatusemi kwamba siku ya Bwana si kitu. Yesu mwenyewe alikuwamo sinagogini siku hiyo. Wamisionari walipofika Nzaui mwaka 1895, walikuja na habari za siku moja ya kupumzika katika saba. Ni nani aliyeihitaji siku hiyo kuliko mama abebaye maji mgongoni, mkanda umemkaza kwenye paji la uso? Nasi tuliichukua siku hiyo, tukaipakia juu ya mtungi wake.

Jioni ya Jumatatu tulikwenda wazee wanne kumwomba radhi. Nyumbani hakuwapo. Tukamfuata mtoni, tukamkuta ndani ya shimo. Tuliona mkono tu, ukiinua kata. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi, na mmoja wetu alikuwa amechagua hata zaburi. Tulipomwambia kwamba tumekosa, na kwamba Meza ya Bwana inamngoja, alinyamaza kitambo.

Kisha akasema, "Mmefanya vema kuja, wazee. Shikeni debe."

Tukashika. Maji yalikuwa yakitoka polepole, na nyuma yetu akina mama walikuwa bado wengi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.