Siasa ya Dunia Si ya Watu wa Kalamu Peke Yao
Mazungumuzo mbele ya wafanya kazi wa shimo na raia wa muji



Leo hatukuja kuomba kura wala kusema mabaya ya mutu. Tumekuja kuzungumuza nanyi juu ya neno moja tu: yale mazungumuzo yanayofanyika katika universite mbele ya watu wote, juu ya siasa ya dunia na mapatano ya mataifa. Karatasi inabandikwa ukutani: mulango ni wazi, hakuna kulipa, kila mutu aweza kuingia. Tunaisoma, tunapita. Tunasema: hayo ni mambo ya watu wa kalamu, siye ni watu wa nyundo, na kesho asubui mapema bisi ya kazi inatungoja.

Wandugu, tuseme kweli: kupita namna hiyo kumetuletea hasara kubwa. Tutawaonyesha kwa mifano yenye tarehe, ili mutu asiseme tumetunga hadisi.

Musizani universite ni fasi ya kutolea diplome tu. Mambo mengi makubwa ya dunia yalitangazwa kwanza humo, mbele ya wanafunzi na wazazi wao.

Tarehe 5 mwezi wa tatu 1946, Churchill wa Uingereza, ambaye wakati ule hakuwa tena waziri mukubwa, alisimama katika koleji moja ya muji mudogo wa Fulton, kule Marekani. Raisi Truman mwenyewe alikuwa ameketi pale. Churchill akasema pazia ya chuma imeshuka katikati ya Ulaya. Tangu siku ile jina hilo likaenea fasi zote, na watu wakaelewa kwamba wale waliopigana pamoja kumushinda Hitler sasa wamegawanyika makundi mawili.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 mwezi wa sita 1947, George Marshall, waziri wa Marekani wa mambo ya ngambo, alizungumuza katika universite ya Harvard. Maneno yake hayakuwa marefu: inchi za Ulaya zilizoharibiwa na vita zipatane zenyewe kwanza, kisha Marekani itazisaidia. Katika miaka iliyofuata zikatoka dola karibu 13 bilioni kwa inchi za Ulaya ya magaribi, na Ubelgiji ilikuwa ndani yake.

Tena tarehe 10 mwezi wa sita 1963, Raisi Kennedy alizungumuza katika universite moja ya Washington juu ya amani na Urusi. Haikupita miezi miwili, tarehe 5 mwezi wa nane, Marekani, Urusi na Uingereza zikatia sahihi ku Moscow mapatano ya kuacha kujaribu bomu za atomi hewani, ndani ya maji na juu kabisa mbinguni. Na munajua wenyewe bomu ile ilitoka wapi. Uranium nyingi ya bomu iliyoangushwa ku Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, kwa mikono ya baba zetu. Walipakia mawe kwenye magunia, hakuna aliyewaambia mawe yale yanakwenda kufanya nini.

Sasa tufike nyumbani kabisa. Tarehe 30 mwezi wa tano 1961, katika universite ya Oxford kule Uingereza, alisimama Dag Hammarskjöld, katibu mukubwa wa Umoja wa Mataifa, ule tunaouita ONU. Neno lake lilikuwa hili: mutumishi wa mataifa yote, aweza kweli kutumika pasipo kupendelea upande mumoja?

Kwa nini neno hilo wakati huo? Ni Kongo iliyolileta. Mwezi wa saba 1960, Raisi Kasa-Vubu na Waziri wa Kwanza Lumumba waliita ONU ije kutusaidia. Katanga ilikuwa imejitenga tarehe 11 ya mwezi ule. Askari wa ONU wakaja. Lakini Lumumba akaondolewa, akakamatwa, na tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 akauawa hapa Katanga, askari wale wakiwa ndani ya inchi. Khrushchev wa Urusi akasema katibu mumoja hafai, wawekwe watatu, na kwamba inchi zisizo na upande ziko, lakini mutu asiye na upande hayuko. Hammarskjöld akamujibu pale Oxford: mutu aweza kuwa na mawazo yake moyoni, lakini kazi yake aifuate sheria ya mataifa yote, si amri ya inchi yake. Haikufika miezi ine. Usiku wa tarehe 17 kuamukia 18 mwezi wa tisa 1961, ndege yake ikaanguka karibu na Ndola, akienda kuzungumuza na Tshombe.

Hatusemi Hammarskjöld alikuwa na haki katika yote. Wengi wetu tunaona ONU ilimuacha Lumumba mikononi mwa adui zake. Lakini fikirini jambo hili: watu wa Oxford waliketi kwenye viti vyao, wakaelezwa polepole neno ambalo Kongo ilikuwa inamwagia damu. Mufanya kazi wa Kipushi, ambaye risasi zilipita juu ya nyumba yake, nani alimueleza?

Kutokuelezwa kuna bei yake. Mwezi wa ine na wa tano 1960 palifanyika ku Bruxelles mukutano wa pili, ule wa mambo ya mali. Wakubwa wetu wengi walikuwa hapa wakitafuta kura. Wakatuma hasa vijana, wengine wangali wanafunzi. Mbele yao waliketi Wabelgiji waliozeeka katika hesabu za mabanki na makampani. Vijana wetu hawakuwa wajinga. Walikosa wakati wa kujifunza. Lovanium ilianza masomo 1954, universite ya Elisabethville 1956. Siku ya uhuru Wakongo waliomaliza universite hawakufika 30. Na mwezi wa sita 1960, siku chache mbele ya uhuru, Ubelgiji ikafanya sheria ya kuruhusu makampani kuhamisha makao yao mpaka kule kwake. Siku ya tarehe 30 tukapewa bendera, lakini funguo za sanduku zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari.

Mutu atasema: hayo ni ya zamani. Basi tuseme ya karibu. Mwaka 2008 serikali yetu ilipatana na makampani ya China: wao wajenge barabara na hospitali, sisi tulipe kwa shaba na kobalti. Hesabu ya kwanza ilikuwa dola karibu 9 bilioni. Shirika la Feza la Kimataifa likasema deni ni kubwa mno, na mwaka 2009 hesabu ikashushwa kuwa karibu 6 bilioni. Mwaka 2024 wakaketi tena, na sehemu ya barabara na majengo ikapandishwa kufika dola 7 bilioni. Yote hayo ni juu ya mawe ya Kolwezi. Ni wangapi kati yetu waliweza kumueleza jirani kwa nini hesabu ilishuka, na kwa nini ikapanda?

Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka Kongo, inaingia katika betri za simu na za motokari. Ku Ulaya, ku Marekani na ku China wasomi wanakutana kuzungumuza juu ya mawe hayo. Bei ya shaba inatajwa London, na wewe unaisikia nyumbani siku mushahara unapochelewa. Kama neno ni letu, tusilisikie sisi wa mwisho.

Basi tufanye nini? Tunaleta mashauri mane.

La kwanza: kila kambi na kila kartie ichague watu watano. Mazungumuzo yakitangazwa, waende, wasikilize, waandike, na Jumapili warudi kutueleza kwa Swahili. Wamama wawe ndani ya hao watano, sababu wao ndio wanaojua bei ya unga.

La pili: tuwaombe walimu wa universite, kwa heshima, wazungumuze Swahili ao waweke mutu wa kutafsiri. Saa nayo ifuate zamu za kazi. Mulango ulio wazi saa mufanya kazi yuko chini ya udongo, kwake umefungwa.

La tatu: tukifika pale, tusikae kimya kama wageni wa arusi. Kuuliza si ujinga. Tuulize maswali matatu: nani atatia sahihi, nani atalipa, na watoto wetu watapata nini?

La ine: tusikubali kila neno kwa sababu limetoka kinywani mwa musomi. Churchill alitafuta faida ya Uingereza. Marshall na Kennedy walitafuta faida ya Marekani. Hiyo si zambi, kila mutu anajenga kwao. Lakini anayesikiliza ajue musemaji anajenga nyumba ya nani.

Wandugu, baba zetu walibeba magunia ya Shinkolobwe pasipo kujua. Sisi hatuna ruhusa ya kutokujua, maana karatasi iko ukutani na tunajua kusoma. Jumapili inayokuja, kisha misa na ibada, tukutane hapa hapa tuchague wale watano. Anayejua kuandika alete kaye na kreyo. Asiyejua alete maswali yake, tutamuandikia.