Jiwe la Kerio na Lenzi ya Jena



Tangu miaka ya 1970 hadi mgodi wa Kimwarer ulipofungwa mwaka 2016, floraspa ilichimbwa katika Bonde la Kerio, ikasagwa na kusafirishwa ng'ambo kupitia Mombasa. Kikemia, unga ule na fuwele iliyomo katika lenzi ya hadubini ya bei kubwa ni kitu kimoja: kalisiamu floridi. Ndiyo maana husemwa vijiweni kwamba Kenya ilikuwa ikiuza lenzi kwa bei ya mchanga. Sikubaliani na maneno hayo.

Lenzi ya kioo hupinda mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, hivyo rangi hazikutani mahali pamoja, na kingo za picha huvaa utepe wa zambarau. Kasoro hii hupimwa kwa namba ya Abbe; inapokuwa kubwa, rangi hutawanyika kidogo. Kioo kizuri cha kawaida hufika takriban 64. Fuwele ya kalisiamu floridi ina 95. Ernst Abbe mwenyewe, akishirikiana na Carl Zeiss mjini Jena, aliitumia katika lenzi za hadubini zilizotoka mwaka 1886. Kazi ikawa kulipata jiwe lenyewe, lisilo na ufa wala ukungu. Abbe alilifuata hadi milima ya Uswisi.

Siku hizi fuwele hukuzwa tanurini, na hapa ndipo penye gharama. Malighafi iliyosafishwa huwekwa katika chungu cha grafaiti ndani ya ombwe, ikayeyushwa kwa nyuzi 1,400 na ushei za Selsiasi. Mvuke wa maji ukibaki humo, hata kidogo, huzaa oksidi na fuwele hutoka na weupe kama wa maziwa. Ndiyo sababu huongezwa floridi ya risasi iondoe oksijeni. Kisha chungu hushushwa polepole kuelekea upande wa baridi, ili atomi zijipange kuanzia chini. Baada ya hapo fuwele hupozwa tena kwa subira ndefu. Ukiharakisha, inapasuka.

Tena kwa lenzi za urujuanimno, malighafi hiyo hutengenezwa kiwandani. Floraspa ya mgodini huvunjwa kwanza kwa asidi ya salfa ili kupata asidi ya floridi, ambayo ndiyo mama wa floridi safi. Kwa hiyo thamani ya lenzi haikuchimbwa Kerio ikaibwa. Huzaliwa katika usafishaji na tanuri, mambo ambayo idara za kemia na fizikia za vyuo vyetu zingeweza kuyaanza kwa udogo.

Faida ya kalisiamu floridi haiishii kwenye rangi. Hupitisha mwanga kuanzia urujuanimno wa takriban nanomita 130 hadi infraredi ya karibu mikromita 9. Chumvi ya kawaida nayo hupitisha infraredi vizuri sana, lakini mweke mtafiti wa protini na sampuli yake ya maji: dirisha la chumvi litamyeyukia mkononi. La kalisiamu floridi halitajali. Kasoro zake ni ulaini, 4 tu katika kipimo cha Mohs, na kuchukia joto la ghafla. Anayeisugua huijua kwa hasira zake.

Kuna kisa ambacho wahandisi wa chipu hawajakisahau. Walitaka kuchora saketi kwa leza ya nanomita 157, ambako kioo cha silika hufifisha mwanga, wakaitegemea fuwele hii. Umbo lake la kimchemraba liliwafanya waamini kwamba haiwezi kuugawa mwanga njia mbili. Mwaka 2001 watafiti wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wakaonyesha kwamba katika mawimbi mafupi hivyo huugawa, na kiasi cha mgawanyo hutegemea mwelekeo wa mwanga ndani ya fuwele. Wabunifu walijaribu kuzungusha lenzi moja dhidi ya nyingine ili kasoro zifutane. Hesabu ilikubali, gharama ikakataa. Miaka michache baadaye viwanda viliachana na 157, vikarudi kwenye leza ya nanomita 193 na kujaza maji kati ya lenzi ya mwisho na sahani ya silikoni.