Mawe ya Mirihi Yanavyohojiwa



Tulipotangaza kuwa mazungumzo ya leo yatahusu mawe ya sayari ya Mirihi, mzee mmoja alituuliza: "Mawe tunayo tele hapa kijijini. Ya huko ya nini?" Swali hilo ni zuri, na ndilo tutakalolijibu.

Mirihi ni jirani wa dunia yetu. Usiku huonekana kama nyota yenye wekundu. Wekundu ule ni kutu, kwa maana vumbi la huko lina chuma kilichoshika kutu. Siku hizi Mirihi ni kavu na ina baridi kali. Hakuna mto wala ziwa. Lakini picha zilizopigwa kutoka juu zinaonyesha makorongo, kama korongo la kwetu wakati wa kiangazi. Je, maji yalipita kweli? Pasipo maji hakuna kiumbe. Basi anayetaka kujua kama huko kuliwahi kuwa na uhai, hata wa vijidudu tu, hana budi kuyauliza mawe. Ndiyo yaliyokuwepo.

Mwezi Januari 2004 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitelemsha huko gari liitwalo Spirit. Lilitua katika bonde kubwa la duara, Gusev, lenye upana wa kilomita 160 hivi. Korongo refu linaingia bondeni humo, kwa hiyo wataalamu walitumaini kukuta matope ya ziwa la kale.

Gari hilo halikuwa na dereva. Lilikuwa na magurudumu sita na lilitumia nguvu ya jua. Maagizo yalipelekwa kwa redio, nayo huchukua dakika kadhaa kufika, pengine zaidi ya 20. Ndiyo kusema huwezi kulipigia kelele, "Simama, kuna shimo!" Unalipa kazi ya siku, kisha unangoja jibu.

Haya, jiwe linahojiwaje? Kwanza ni kamera. Juu ya mlingoti palikuwa na kamera mbili zilizoachana kama macho yetu, ili wataalamu wapime umbali. Mbele ya kila kamera vilizunguka vioo vya rangi mbalimbali. Mawe mawili yanayofanana kwa macho huachana ukiyatazama kwa kioo kimoja baada ya kingine. Tena gari lilibeba kibao chenye rangi zinazojulikana. Kamera ilikipiga picha kibao hicho, watu wakalinganisha, maana vumbi la huko hupaka kila kitu wekundu.

Lakini kamera inakuambia tu twende wapi. Punje ya mhindi yaweza kung'aa kwa nje, kumbe ndani imeliwa na dumuzi. Lazima uipasue. Kwa hiyo gari lilikuwa na mkono, na mkononi kifaa cha kusaga. Kilikwangua ngozi ya jiwe, upana wa milimita 45 na kina cha milimita 5. Hapo kamera ya kukuza ilitazama chembe zake. Kifaa kingine kililimulika jiwe kwa mionzi, na kila kitu kilichomo kikajibu kwa mionzi yake chenyewe, chuma kivyake, salfa kivyake. Kingine tena kilishughulikia chuma tu: ni chuma cha namna gani, na kutu gani? Hicho kilikuwa cha polepole, kiliweza kukaa juu ya jiwe moja usiku kucha.

Jiwe la kwanza walilipa jina la Adirondack. Majibu yaliwavunja moyo. Lilikuwa jiwe la volkano, nalo lilikuwa na madini ya olivini, ambayo huoza upesi yakikaa majini. Jembe likikutwa linang'aa, unajua halikulala mvuani. Basi matope ya ziwa hayakuonekana pale.

Gari likaenda hadi vilima vya Columbia, likafika Juni 2004. Huko kile kifaa cha chuma kilikuta madini ya goethaiti, ambayo hayaumbiki pasipo maji. Walau dalili ikapatikana.

Mwezi Machi 2006 gurudumu moja la mbele likagoma kabisa. Tangu hapo gari lilikwenda kinyumenyume, likiburuta gurudumu bovu kama ng'ombe aburutavyo plau. Na kama plau, gurudumu lilichimba mfereji. Mwaka 2007 mfereji ulifukua udongo mweupe pe. Vifaa vikapima: karibu sehemu 90 katika 100 ni silika, kitu kile kile kinachojaa katika mchanga na kioo. Silika haikusanyiki hivyo hivi hivi. Ama maji ya moto yaliiyeyusha na kuiacha, kama katika chemchemi za Yellowstone huko Marekani, ama mvuke wenye asidi ulikula vitu vingine ukaibakiza peke yake. Njia zote mbili zinataka maji na joto. Kamera isingeona kitu, kwani udongo ule ulikuwa chini ya vumbi.

Mwaka 2016 wataalamu wawili, Ruff na Farmer, walisema kuwa silika ya pale ina maumbo kama vidole vidogo, yanayofanana na yale ya chemchemi za moto za El Tatio, nchini Chile. Ya Chile vijidudu vina mkono katika kuyaumba. Ati na ya Mirihi je? Wao wenyewe hawakusema ndiyo. Kufanana si ushahidi, hata mapacha hushtakiwa kila mtu peke yake.

Spirit halikuweza kuulizwa tena. Mwaka 2009 lilizama katika mchanga laini, na Machi 2010 redio yake ilisikika kwa mara ya mwisho. Gari jingine, Perseverance, lilipotafutiwa mahali pa kutua, vilima vya Columbia vilikuwa kati ya sehemu tatu za mwisho. Novemba 2018 ikachaguliwa Jezero, penye alama za mto ulioingia ziwani, na gari likatua huko Februari 2021. Sisi hatuulaumu uchaguzi huo, ila udongo ule mweupe tungependa uulizwe mara ya pili.