JKT: jeshi lililokataa kufa

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 10, 1963. Miezi sita tu baadaye, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na jeshi hilo la urithi wa mkoloni likavunjwa. JKT, mtoto mchanga wa jembe na bunduki, likasalia.

Mtihani mgumu ulikuja Oktoba 1966. Wasomi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, wakipinga utumishi wa lazima wa JKT na makato ya asilimia 60 ya mshahara wakati wa utumishi huo. Mabango mengine yalidai afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwatimua karibu wanafunzi 400, kisha akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tuseme ukweli, kwenye suala la mishahara wanafunzi walikuwa wamegusa kidonda: vigogo walikuwa wakilipwa vizuri mno.

Lililowashinda wasomi likawezwa na ukata. Mwaka 1994 mafunzo hayo ya lazima, yaani ya mujibu wa sheria, yalisitishwa.

Lakini kambi hazikugeuka magofu. SUMA JKT, shirika la uzalishaji lililoundwa 1981, liliendelea kulima, kujenga na hatimaye kulinda majengo ya watu kwa malipo. Mwaka 2013 mafunzo ya mujibu wa sheria yalirejea, na baadhi ya wabunge wakavaa kombati, wakakimbia mchakamchaka pamoja na vijana.

Hata hivyo, kwa miaka mingi tangu hapo kambi hazikuwa na nafasi ya wahitimu wote wa kidato cha sita, walengwa wa mafunzo hayo, na vijana wengi wanaojiunga kwa kujitolea hurudi nyumbani na cheti, bila ajira.