Zabibu Isiyokuwa Katika Orodha

Leo tunazungumza juu ya zabibu moja ya kule Italia. Msishangae. Habari yake inatuhusu sisi sote tunaosoma na kuandika.

Zabibu hiyo ni nyeusi. Jina lake ni Schioppettino, tutamke "Skiopetino". Kwao hasa ni Prepotto, sehemu ya vilima kaskazini-mashariki ya Italia, mpakani na Slovenia. Divai yake ni nyekundu, inanukia kama pilipili manga.

Katika karne ya 19 mdudu mdogo aitwaye filoksera alitoka Amerika akaingia Ulaya. Alishambulia mizizi, na mashamba mengi ya mizabibu yakafa. Wakulima walipopanda upya, wengi walichagua aina za kutoka nje. Schioppettino ikabaki mizabibu michache tu, hapa na pale. Baadaye ikawekwa orodha ya zabibu zinazoruhusiwa kupandwa. Schioppettino haikuandikwa humo. Basi, mmea wa mababu ukawa marufuku kwao wenyewe!

Lakini wapo waliokataa. Mwaka 1970 bwana Paolo Rapuzzi na mkewe Dina walianza shamba huko Cialla, katika eneo hilohilo. Waliitafuta mizabibu ya zamani iliyosalia, wakakata vipandikizi, wakapanda. Ruhusa hawakuwa nayo. Mwaka 1976 ukoo wa Nonino, watengenezaji wa pombe kali ya makapi ya zabibu, uliwapa tuzo kwa kazi hiyo. Mwaka 1977 halmashauri ya Prepotto ikakutana kuitetea zabibu yao. Mwaka 1978 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ikatoa idhini. Leo Schioppettino inapandwa na kuuzwa bila kificho.

Je, tunajifunza nini? Mmea huu haukuwa na kosa lolote. Kosa ni kwamba jina lake halikuwa katika karatasi. Jembe peke yake halikutosha kuuokoa. Ilibidi watu wakutane, waseme, waandike.

Sasa tujiulize: mbegu za mtama, kunde na mihogo za wazee wetu zimeandikwa wapi? Kazi yetu wiki hii ni hii. Tuchukue daftari, twende kwa mzee mmoja kijijini. Tuandike jina la mbegu ya zamani, inavyopandwa, na nani anayo bado. Tusingoje mpaka mzee aondoke nayo.