MSUMARI, WAYA NA BETRI: MWANZO WA KUJIFUNZA KAZI YA UMEME

(Maneno yaliyosomwa barazani mbele ya machifu, walimu na wazee)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya nguvu ya umeme, na jinsi kijana asiye na fedha nyingi awezavyo kujifunza mwanzo wa kazi yake kwa mikono yake mwenyewe. Sitasema habari za mitambo mikubwa. Nitasema habari za msumari, waya, kopo na betri, ambayo wengi wetu twaiita jiwe la kurunzi. Lakini yafaa tufahamu tangu mwanzo kwamba jambo hili si mchezo mtupu. Umeme umekwisha kuingia vijijini: umo katika kurunzi, umo katika redio na simu, na mahali pengi wapita juu ya nguzo kando ya njia. Mgeni akaaye nyumbani mwako bila kuulizwa tabia yake, huenda akakufaa, na huenda akakudhuru.

Jambo la kwanza ni hili: umeme haufanyi kazi ila upate njia ya kwenda na njia ya kurudi. Twaa betri moja ya kurunzi, yenye volti 1.5, na globu ndogo ya namna ya zamani yenye uzi ndani yake, na vipande viwili vya waya wa shaba. Kwangua ncha za waya kwa kisu hata shaba ing'are. Waya mmoja utoke kitakoni mwa betri uguse ubavu wa globu. Wa pili utoke kichwani mwa betri uguse kitako cha globu. Papo hapo globu itawaka. Ondoa waya mmoja, nayo itazimika, ijapokuwa betri ni nzima na globu ni nzima. Basi mtoto amekwisha kuona kwa macho yake kwamba njia ikikatika mahali pamoja, imekatika yote.

Jambo la pili: si kila kitu hupitisha umeme. Ikate njia ile mahali pamoja, kisha ujaribu kuiunga kwa vitu mbalimbali: msumari, sarafu, kijiti kikavu, kioo, mpira, uzi wa pamba. Watoto waandike katika vitabu vyao kitu gani kimewasha globu na kitu gani hakikuiwasha. Wataona ya kuwa madini hupitisha, na ya kuwa mti mkavu, kioo na mpira hazipitishi. Hii ndiyo sababu waya huvikwa mpira, na ndiyo sababu fundi hushika koleo yenye mpini wa mpira.

Sasa na tutazame faida ya mambo haya mawili. Kurunzi ya mtu imekataa kuwaka. Asiyejua huitupa, au huipeleka kwa fundi akatoa fedha bila kujua amelipia nini. Aliyefundishwa hukaa kitako akajiuliza maswali matatu. Je, betri imekwisha? Aijaribu katika kurunzi nyingine iliyo nzima. Je, uzi wa globu umekatika? Aijaribu globu kwa betri iliyo nzima. Ikiwa vyote viwili ni vizima, basi njia imekatika. Na mara nyingi ataona kutu kwenye ile springi au mahali pa kubonyezea. Kutu hiyo huondoka kwa kipande cha msasa, na kurunzi huwaka tena. Angalieni, mabwana, ya kwamba mtu huyu hakubahatisha. Amejaribu kitu kimoja kimoja, akaacha kile kilichothibitika kuwa kizima, akaifikia sababu. Akili hiyo ya kutafuta sababu haiishi katika kurunzi. Itamfaa katika shamba lake, katika ng'ombe wake, na katika hesabu za chama chake.

Jambo la tatu ndilo wapendalo watoto kuliko yote, nalo ni sumaku ya umeme. Twaa msumari wa chuma wenye urefu wa kidole, na waya mwembamba wa shaba uliovikwa mpira au kupakwa vanishi. Uzungushe juu ya msumari mara 100, kwa upande mmoja, bila kurudi nyuma. Kwangua ncha zake mbili, uziguse pande mbili za betri. Msumari utavuta pini na misumari midogo. Uachilie waya, nazo zitaanguka. Lakini usiziunge ncha hizo kwa zaidi ya sekunde chache za kuhesabu kwa vidole, yaani uguse na kuachilia. Kwa kuwa katika njia hii hapana globu ya kuuzuia umeme, hupita kwa wingi, waya hupata moto na betri hufa upesi. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Huenda mwalimu akauliza, Kwa nini waya uvikwe? Jibu lake limo katika habari za watu wawili. Mwaka 1825 Mwingereza mmoja jina lake William Sturgeon, aliyefundishwa ushonaji wa viatu ujanani mwake, kisha akawa askari, alionyesha sumaku ya umeme. Waya wake ulikuwa mtupu, kwa hiyo alikipaka chuma vanishi, akauzungusha waya kwa kuachanisha mizunguko isigusane. Akaja Joseph Henry, mwalimu wa shule katika mji wa Albany huko Marekani, akauvika waya wenyewe kwa hariri. Sasa mizunguko iliweza kukaribiana na kupandana tabaka juu ya tabaka, wala umeme haukuweza kukata njia ukaruka mizunguko mingine. Sumaku zake zikawa na nguvu nyingi sana, na mwaka 1831 aligonga kengele kwa umeme uliopita katika waya wenye urefu uliozidi maili moja. Walimu, kumbukeni ya kuwa mtu huyo alifanya kazi hiyo akiwa mwalimu wa hesabu, akifundisha darasani kama ninyi.

Kutoka katika sumaku hiyo yaweza kufanywa simu ya kugonga. Pigilia msumari wenye waya wake usimame juu ya kipande cha ubao. Kata utepe wa bati kutoka katika kopo, ukunje makali yake yasimkate mtoto, uupigilie kwenye kijiti kilicho kando, hata ncha yake ining'inie juu ya kichwa cha msumari, na nafasi iliyo katikati iwe kama unene wa sarafu mbili. Kopo liwe la chuma. Makopo ya alumini hayavutwi na sumaku. Bandika karatasi ndogo juu ya kichwa cha msumari, ili bati lisinate. Kisha fanya kibonyezo: utepe wa pili wa bati, upande mmoja umepigiliwa ubaoni, upande wa pili umeinuka kidogo juu ya msumari mfupi. Waya utoke kwenye betri uende kwenye utepe wa kibonyezo. Wa pili utoke kwenye msumari mfupi uende kwenye sumaku. Wa tatu utoke kwenye sumaku urudi kwenye betri. Bonyeza, bati litagonga. Achilia, litaruka juu. Mtoto mmoja akikaa na kibonyezo chumba kimoja, na mwenziwe akikaa na sumaku chumba cha pili, wataweza kupelekeana habari kwa kupatana alama zao.

Hivyo ndivyo habari zilivyopelekwa katika dunia kwa miaka mingi. Mwaka 1844 Samuel Morse alipeleka habari kwa waya kutoka Washington hata Baltimore, naye alitumia sumaku ya namna hiyo. Mwaka 1879 waya uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, habari za mbali zikaacha kungoja meli. Hata neno letu "simu" latoka katika lugha ya Kiajemi, na maana yake ni waya.

Yuko mzee atakayesema, "Mtoto amepelekwa shule ajifunze kusoma na kuandika, si kuchezea misumari." Neno lake lina haki yake, na halifai kudharauliwa, kwa maana ada hulipwa kwa jasho. Lakini namwomba afikiri habari za Michael Faraday. Alikuwa mtoto wa mhunzi maskini wa London, akawekwa kwa mjalidi wa vitabu, akawa husoma vile alivyovijalidi. Mwaka 1812 alifanya betri yake ya kwanza kwa sarafu 7 za nusu peni, mabamba 7 ya zinki, na vipande 6 vya karatasi vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Hakuwa na kitu kingine. Na mwaka 1831 mtu huyo ndiye aliyeonyesha jinsi ya kupata umeme kwa kusogeza sumaku karibu na waya, na mitambo mikubwa inayozungushwa na maji ya mito hutoa umeme kwa kanuni ile ile. Kusoma kulimpa maneno, na mikono ikampa hakika ya maneno hayo.

Sasa nasema neno zito, nanyi Machifu nawaomba mlitangaze. Betri ya kurunzi ina volti 1.5, nayo haimpigi mtu. Umeme wa nyumbani una volti 240 katika Kenya na 230 katika Tanzania, nao huua. Mtoto asiuguse kabisa kwa majaribio yake, wala asiingize waya katika tundu la ukutani. Waya ulioanguka kutoka nguzoni usikaribiwe na mtu wala mnyama. Wawekwe walinzi mbali nao, na wenye kazi hiyo waitwe. Betri ya motokaa ina volti 12 tu, lakini ikiungwa pande zake mbili kwa waya mtupu, waya huo huweza kuyeyuka na kuchoma mkono. Betri ya simu isitobolewe wala isipigwe, kwa kuwa huweza kushika moto. Na betri yo yote isitupwe motoni. Mtoto aliyekatazwa bila kuelezwa atajaribu kwa siri. Lakini aliyeona kwa globu yake jinsi umeme utafutavyo njia, atafahamu kwa nini mwili wake, na zaidi ukiwa na maji, usifanywe kuwa njia hiyo.

Basi ombi langu ni dogo. Kila shule iwe na sanduku moja, na ndani yake ziwekwe betri 4, globu 4, waya mwembamba, misumari, msasa na makopo matupu. Sanduku liwe mikononi mwa mwalimu, na lifunguliwe mara moja kwa juma, kwa wavulana na wasichana sawasawa, kwa kuwa kurunzi haimchagui aishikaye. Wazee wasione haya kuja kutazama na kuuliza. Kuuliza si ujinga. Na mtoto akileta nyumbani kurunzi iliyokufa ikiwa imefufuka, babaye amwulize ameifanyaje, amsikilize mpaka mwisho. Hapo ndipo somo litakapokuwa limeingia katika nyumba nzima.