Je, Ada ya Mwaka ya Kadi ya Mkopo Inastahili Kulipwa?

(Mhadhara uliotolewa baada ya Swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhani, mbele ya Waislamu wazungumzao Kiswahili katika jimbo la Ohio, Marekani. Tumeuchapisha kwa kuwa wasomaji wengi wana jamaa huko, na kadi za namna hii zinatolewa pia na mabenki ya kwetu.)

 

 Juzi baada ya tarawehe alitufuata ndugu mmoja, baba wa watoto watano, dereva wa teksi hapa mjini, naye ameshika barua mkononi. Anayo kadi ya mkopo ambayo mwaka wa kwanza hakutozwa ada. Sasa mwaka unamalizika, na barua inamjulisha kuwa mwezi ujao atakatwa dola 95 za mwaka mpya. Akatuuliza, “Ustadh, nilipe au niirudishe? Maana marejesho yake nimeyanuia umra ya mama.” Mama yake yuko Tanga, na umri umekwenda.

Usiku ule hatukumjibu. Kadi hizi hatukuwa na ilimu nazo ya kutosha, na mwenye kujibu asichokijua huidhulumu nafsi yake na nafsi ya aliyemwuliza. Tulimwomba atuletee taarifa za kadi yake za miezi kumi na miwili, tukakaa nazo siku mbili, kalamu mkononi. Kwa idhini yake tunayasema haya, na jina lake linabaki kwetu.

Tuanze na hukumu ya ada yenyewe. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Riyadh mwezi wa Septemba 2000 katika kikao chake cha 12, lilipitisha azimio namba 108 kuhusu kadi hizi. Katika azimio hilo, ada maalumu anayoitoza mtoaji wakati wa kutoa kadi au kuihuisha inajuzu, kwa kuwa ni ujira wa huduma. Dola 95 hazipandi kwa ukubwa wa deni wala kwa urefu wa muda. Mwenye kuzilipa hajala wala hajalisha riba kwa kulipa kwake huko.

Lakini azimio hilo hilo lina upande wa pili, nao ni mzito zaidi. Baraza lilisema kuwa haijuzu kutoa kadi isiyo na amana ya fedha nyuma yake, wala kuitumia, ikiwa mkataba wake umeshurutisha ziada ya riba, hata kama mwenye kadi ameazimia kulipa deni lote ndani ya muda wa bure. Wako wanazuoni wengine, hasa waishio na Waislamu wa nchi za Magharibi, waliolegeza jambo hili kwa sababu ya haja, kwa mwenye yakini ya kulipa kwa wakati. Wakatazama kwamba hapa mtu asiye na historia ya mkopo hupata taabu hata ya kupanga nyumba. Sisi tunaelemea rai ya kwanza, na kwa mwenye uwezo wa kutosheka na kadi inayokata fedha zake mwenyewe zilizomo benki, hiyo ndiyo njia ya salama. Hata hivyo hatukuja kuwahukumu waliofuata rai ya pili.

Tumeona jambo moja la ajabu katika wiki mbili hizi. Waliotujia na suali hili ni wengi, na takriban wote walikuwa na wasiwasi na ada, ambayo ni halali, kwa kuwa inaonekana katika barua kwa tarakimu kubwa. Sharti la riba, lililoandikwa kwa herufi ndogo, halikumsumbua ila mmoja.

Sasa tuje katika hesabu, kwa sababu halali nayo inaweza kuwa israfu. Tutachukua mfano wa kadi mbili za American Express ziitwazo Blue Cash, kwa kuwa ni kama pacha, mmoja ana ada na mwengine hana, na kwa mfano huo jambo linakuwa wazi. Kwa masharti yalivyokuwa mwaka 2025, Blue Cash Preferred ina ada ya dola 95 baada ya mwaka wa kwanza, nayo hurejesha asilimia 6 ya manunuzi ya supamaketi za Marekani mpaka dola 6,000 kwa mwaka. Blue Cash Everyday haina ada, nayo hurejesha asilimia 3 kwa supamaketi hizo hizo, mpaka kiasi hicho hicho.

Wengi hufanya hesabu hivi: asilimia 6 ya 6,000 ni dola 360, toa ada 95, nimebaki na 265, basi nimefaidi. Hii ndiyo hesabu ya matangazo, na ina kasoro kubwa. Mtu huyu analinganisha kadi yenye ada na kutokuwa na kadi kabisa, hali pacha wake yupo, hana ada, naye angempa dola 180 kwa manunuzi yale yale. Kwa hiyo faida ya kulipa ada, kwa mwenye kufikia kikomo chote cha dola 6,000, ni dola 85 tu. Na kwa asiyefika huko, ada hainunui kitu ila zile asilimia 3 za ziada. Gawanya 95 kwa asilimia 3, utapata kama dola 3,167 kwa mwaka, yaani 264 kwa mwezi. Aliye chini ya hapo analipa ada ili apate pungufu.

Ndugu yetu alikuwa na uhakika kwamba amevuka mpaka huo mbali sana. Nyumba yake ya watu saba hula kwa dola 800 kila mwezi. Hapo ndipo zile taarifa zilipotufaa. Tulipozipitia, tulikuta sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda Walmart, na nyingine katika maduka makubwa ya jumla ya uanachama, na yote hayo masharti ya kadi hayayahesabu kuwa ni supamaketi. Nyama yake ananunua kwa mchinjaji wa Kiislamu, na unga wa sembe, maharage na tui la kopo kwa Mkongo mwenye kiduka karibu na msikiti. Kila duka limesajiliwa katika mitandao ya kadi kwa aina ya biashara yake, na kadi hufuata usajili huo. Haitazami kilichomo kikapuni. Manunuzi yake katika supamaketi zinazohesabiwa yalikuwa wastani wa dola 175 kwa mwezi, sawa na 2,100 kwa mwaka.

Asilimia 6 ya 2,100 ni dola 126. Toa ada, zinabaki 31. Kadi isiyo na ada ingempa 63.

Akasema, “Na petroli, Ustadh? Mimi ni mtu wa barabarani.” Ni kweli, na petroli ilikuwa nyingi. Lakini kadi ya ada hurejesha asilimia 3 kwa petroli, na pacha wake asiye na ada naye hurejesha 3, mpaka dola 6,000 kwa mwaka, na ndugu yetu hakufika huko. Kwa hiyo petroli haiingii katika hukumu hii, hata ingekuwa nyingi kiasi gani chini ya kikomo hicho. Kinachoingia ni tofauti peke yake. Tulipotazama manunuzi ya mkewe kwa njia ya intaneti, kama dola 800, mambo yalizidi kugeuka, kwa sababu hapo isiyo na ada hutoa asilimia 3 na yenye ada hutoa 1. Tofauti ni dola 16 nyingine. Jumla, angelipa 95 ili kwa mwaka apate dola 48 chini ya vile ambavyo angepata bila kulipa kitu.

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema mama angekwenda umra baada ya miaka mia.

Tulimwonesha jambo moja zaidi, na hilo halikuwa la kucheka. Katika miezi miwili ya taarifa zile kulikuwa na mstari wa riba, jumla yake dola 52. Alikumbuka. Ndiyo miezi aliyofiwa na kaka yake, akatuma fedha zote nyumbani kwa mazishi na kwa mayatima, akailipa kadi kile kiasi cha chini tu walichokidai. Hakuwa mzembe, wala hakuwa na nia mbaya. Ndugu zetu, yule aliyesema “mimi nina yakini nitalipa kwa wakati” alikuwa huyu huyu, na msiba haukumtaka rukhsa. Wastani wa riba ya kadi za Marekani ulivuka asilimia 20 kwa mwaka katika mwaka 2023. Na anayeacha deni likavuka tarehe, kwa kawaida hupoteza pia ule muda wa bure, hata manunuzi yake mapya yakaanza kuhesabiwa riba tangu siku ya kununua. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu chetu inahusu kuandika deni. Sisi deni letu huandikiwa na wengine, na hatulisomi.

Tusije tukadhani kuwa ada ni hasara kwa kila mtu. Dada mmoja muuguzi, ambaye nyumba yake ni kubwa na supamaketi iko mkabala na hospitali yake, hununua kwa zaidi ya dola 500 kila mwezi mahala panapohesabiwa, na deni lote hukatwa lenyewe katika akaunti yake kila mwezi. Tulimwambia kuwa kwa hesabu tupu ada inamlipa, na faida yake ni kama dola 85. Akasema ni kidogo. Tukamwambia ndiyo hiyo.

Ama zile kadi za fahari, ambazo ada zake zimekuwa dola 795 kwa Sapphire Reserve ya Chase na dola 895 kwa Platinum ya American Express tangu mwaka 2025, hatutazirefushia maneno. Hizo hutoa orodha ndefu ya manufaa: hoteli fulani, mikahawa fulani, vyumba vya kupumzikia uwanja wa ndege. Kila kitu katika orodha kipewe thamani ya kile ambacho ungekitoa mfukoni mwako kama kadi isingekuwepo. Usichokuwa ukinunua thamani yake ni sifuri, hata kama wao wameiandika mia tatu. Na pointi za safari si fedha. Mashirika ya ndege hubadilisha idadi ya pointi za tiketi wanapotaka.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuulizwa. Marejesho haya yanatoka wapi? Sehemu hutoka kwa mwenye duka, anayekatwa kila kadi inapopita, naye huiweka katika bei, ikalipwa hata na yule bibi anayenunua kwa fedha taslimu. Sehemu hutoka kwa wanaolipa riba. Mwaka 2023 wanauchumi wa Benki Kuu ya Marekani na wa Shirika la Fedha la Kimataifa walichapisha uchunguzi wao, wakakisia kuwa kwa njia ya tuzo za kadi kiasi cha dola bilioni 15 kila mwaka huhama kutoka kwa wenye elimu ndogo na maskini kwenda kwa wenye elimu na uwezo. Hatusemi kwamba dola 85 za dada yetu ni haramu kwake kwa sababu hiyo. Tunasema ndugu yetu dereva, katika ile miezi miwili, alikuwa upande wa wanaotoa.

Jana alikwisha piga simu na kuomba abadilishiwe kadi iwe ile isiyo na ada, akaunti ikiwa ile ile, na deni lote likatwe lenyewe kila mwezi. Sheria ya hapa humlazimu mtoaji kumjulisha mwenye kadi kuhusu ada ya mwaka mpya na kumpa nafasi ya kuikataa, basi msiitupe barua hiyo pamoja na matangazo. Kwa umra ya mama ameanza kuweka dola 25 kila Ijumaa, mbali na kadi yoyote.

Wenye barua kama yake waje nazo baada ya Isha, In-sha-Allah tutakaa pamoja. Na mje na taarifa za miezi kumi na miwili, si mitatu, kwa sababu vikapu vya Ramadhani havifanani na vya miezi mingine.